Kuku wanene wasio na nyama: kisa cha pipa la mafuta ya sangara Buswelu

"Mwanangu, njoo uone mwenyewe. Vifaranga wangu wanatazama mbinguni."

Simu hiyo iliingia Jumapili jioni, mwezi wa kumi, wakati jua la Mwanza linapochoma kuliko miezi yote na mvua bado zinavutavuta. Mama aliyenipigia nafahamiana naye miaka kadhaa. Anafuga kuku wa nyama Buswelu, nyuma ya nyumba yake, katika banda la matofali na wavu lililobanwa kati ya mawe mawili makubwa, mawe yale yale yanayolipa jiji hili sura yake. Huchukua vifaranga 300 kwa mkupuo. Chakula huchanganya mwenyewe kwa beleshi juu ya turubai, na kila kitu hukiandika kwenye daftari la shule lenye jalada la bluu: waliokufa, viroba vilivyoisha, uzito wa kila wiki. Bila daftari hilo kisa hiki kingeishia kwenye kubahatisha.

Nilifika Jumatatu asubuhi kabla jua halijapanda.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Salamu baadaye, pita bandani kwanza."

Vifaranga walikuwa na siku 22. Wengi wao, ukiwatazama toka mlangoni, hawakuwa na tatizo: manyoya safi, wanatembea, wanakula. Lakini kwenye kona ya banda alikuwa amewatenga tisa ndani ya boksi. Nilimchukua mmoja. Alikuwa amelala ubavu, miguu imenyooka na vidole vimekunjamana, kichwa kimerudi nyuma hadi kisogo kinagusa mgongo. Ukimsimamisha anapiga hatua mbili, anapepesuka, anaanguka, halafu miguu inapiga hewa kana kwamba anaendesha baiskeli. Macho yake yalikuwa maangavu kabisa. Nilipomshikia kikombe cha maji alikunywa kwa kiu.

Jirani alishamwambia ni mdondo, ule ugonjwa wa virusi unaofagia kuku. Duka la dawa alikokwenda walimuuzia dawa ya kuua bakteria, akaitumia siku tatu. Hakuna kilichobadilika, kila siku walianguka wawili au watatu wengine. Daftari lilionyesha vifo sita wiki ya kwanza, kisha kimya, kisha kuanzia siku ya 15 vifo 18.

Kwa nini sikuamini ni mdondo

Simlaumu jirani. Mdondo nao hupindisha shingo, na mfugaji yeyote wa Kanda ya Ziwa aliyewahi kupoteza banda zima kwa wiki moja ana haki ya kuuogopa. Lakini mdondo ukiingia banda lenye vifaranga 300 hauchagui wawili leo na watatu kesho kwa adabu namna hiyo. Utasikia mikoromo usiku, utaona kinyesi cha kijani, kuku watajikunyata na kuacha kula, na kuku wa kienyeji wa jirani nao wataguswa. Hapa palikuwa kimya. Kuku wa kienyeji watano waliokuwa wakizurura nje ya wavu huo huo hawakuwa na lolote. Na chanjo alikuwa amechanja, siku zimeandikwa.

Kilichonishtua zaidi ni umri. Kifaranga anayeanguka kati ya wiki ya pili na ya nne, akiwa na hamu ya kula, kichwa kimerudi nyuma, miguu imenyooka: picha hiyo inanipeleka kwenye vitamini E kabla sijafika kwenye virusi. Tulichinja watatu wa kwenye boksi na wawili wazima, nikafungua mafuvu. Kwa wale watatu, ubongo mdogo ulio kisogoni ulikuwa umevimba, laini kupita kawaida, una vitone vya damu kama ncha za sindano. Kwa wale wazima ulikuwa mweupe na imara. Sampuli tulipeleka maabara ili kuufunga mjadala wa mdondo, na majibu yalipokuja hapakuwa na virusi. Lakini sikusubiri majibu. Mchana ule ule tuliwawekea vitamini E pamoja na seleni kwenye maji, na tukakiondoa chakula chote kilichokuwa bandani.

Kuondoa chakula ndiko kulikoleta ubishi.

"Kiroba kizima mwanangu? Nimekichanganya juzi juzi."

Nikamwomba aingize mkono kiganja kizima ndani ya kiroba, autoe, aunuse. Akanusa, akanyamaza, akanusa tena. Chakula cha kuku chenye dagaa kina harufu yake na tumeizoea, harufu ya soko la samaki la Mwaloni. Hii ilikuwa nyingine: kali, inayokaa nyuma ya koo, mfano wa rangi ya mafuta inayopakwa milango. Hiyo ni harufu ya mafuta yaliyochacha.

Pipa

Pipa lilikuwa nje, limeegemezwa kwenye jiwe upande wa magharibi, mahali ambapo jua la mchana linalipiga na usiku jiwe lenyewe linaendelea kulipasha. Plastiki ya bluu, lita 200, limebaki chini ya nusu. Kifuniko kilikuwa kimewekwa juu tu bila kukazwa, kwa sababu vijana walikuwa wakichota na kopo kila mara.

Ndani yalikuwa mafuta ya sangara. Kwa asiyejua: viwanda vya samaki vya kando ya ziwa vikishatoa minofu, kinachobaki ni mapanki, yaani kichwa, mifupa ya mgongo na mkia. Kichwa na tumbo la sangara vina mafuta mengi sana. Watu wanaokaanga au kuchemsha mapanki huyaengua mafuta hayo na kuyauza, na bei yake ni ndogo mno ukilinganisha na mafuta ya alizeti. Si takataka. Yakiwa mabichi na yametunzwa vizuri ni chakula cha maana, kuku anayapenda na anayasaga vizuri.

Tatizo ni maumbile yake. Mafuta ya samaki yamejaa asidi za mafuta zenye minyororo mirefu isiyoshiba, ndizo hizo tunazoambiwa ni nzuri kwa moyo wa binadamu, na hizo ndizo zinazoshambuliwa haraka kuliko zote na hewa, joto na mwanga. Haya yalikuwa yamepitia moto mkali wa kukaangia, kisha yakakaa wiki nyingi wazi kando ya jiwe la moto, bila kiini chochote cha kuzuia kuchacha. Mafuta yakianza kuchacha yanaitafuna vitamini E iliyo jirani. Yanaitafuna ndani ya kiroba, kwa hiyo ile premiksi (unga wa vitamini na madini) uliyoinunua kwa hela inakufa kabla kifaranga hajaionja. Kilichobaki kinatafunwa ndani ya mwili wa kifaranga mwenyewe, na ubongo mdogo ndio unaoanza kuumia, maana una mafuta mengi na unahitaji ulinzi huo kila saa.

Ndani ya siku nne hapakuwa na kifaranga mpya aliyeanguka. Kati ya wale tisa, sita walibaki baada ya upasuaji, wawili walisimama tena, wanne walikufa. Ubongo ukishavuja damu vitamini haiurudishi ulivyokuwa. Nililisema hilo wazi siku ya kwanza ili asinihesabie miujiza.

Hapo wengi wangefunga faili: mafuta yalichacha, tupa mafuta, nunua mengine. Lakini wale vifaranga wawili wazima tuliowachinja walikuwa wamenionyesha kitu kingine.

Kwenye meza ya jikoni

Nilipowafungua tumbo nilikuta bonge la mafuta ya njano juu ya firigisi na kuzunguka utumbo. Tulilitoa moja tukalipima kwenye mzani mdogo wa jikoni: gramu 18, kwa kifaranga mwenye gramu 570. Kwa umri wa wiki tatu nilitegemea utando mwembamba tu. Kidari nacho kilikuwa kimembonyea, mfupa wa kifua unaushika kwa vidole viwili kama ukingo wa mtumbwi. Kifaranga mnene asiye na nyama.

Tukapima wengine 30 kwa kuwaokota bila kuchagua. Wastani gramu 580. Kundi lililotangulia, kwa mujibu wa daftari, siku ya 21 lilikuwa gramu 760. Vifaranga wa kampuni ile ile, banda lile lile.

"Lakini chakula kimepungua," aliniambia, na alisema kwa fahari kidogo. "Wiki ya tatu kundi la kwanza lilikula viroba vitatu. Hawa wamekula viwili na nusu. Nikajua yale mafuta yanawashibisha."

Alikuwa sahihi, yaliwashibisha. Na kushiba huko ndiko kulikomponza.

Ilibidi nirudi nyuma kwenye daftari kuelewa alivyofika pale. Kundi la mwanzo lilikula mchanganyo wake wa siku zote. Katika kilo 100: mahindi paraza 50, pumba za mahindi 12, mashudu ya alizeti 20, dagaa 15, na kilo 3 za chokaa, mifupa, chumvi na premiksi. Wiki mbili za mwisho, akiwa amelinunua lile pipa likiwa jipya, aliongeza lita tatu juu ya kila kilo 100. Kuku walimaliza vizuri na uzito ulipanda. Malalamiko yalikuwa moja tu: mteja wake wa chipsi kuku alimwambia nyama inanukia samaki. Mama alicheka. Mtu wa Mwanza analalamikia harufu ya samaki!

Kwa hiyo mafuta yalishajijengea heshima. Kisha ukaja wakati wa mbalamwezi. Wanaoishi kando ya ziwa wanajua: mwezi ukijaa taa za wavuvi hazimvuti dagaa, mitumbwi inatulia nchi kavu, na dagaa Mwaloni wanapanda bei. Yeye alikuwa anaanza kundi jipya siku hizo hizo. Dagaa wamepanda, mashudu nayo yameongezeka kidogo, na nje pana pipa lenye mafuta ya bei nafuu. Tena alishaambiwa mahali kwamba chakula cha kuku wa nyama kinatakiwa kifike nguvu ya kilokalori 3,200 kwa kilo. Akapanga upya: mahindi 50, pumba 17, alizeti 15, dagaa 8, mafuta 7, madini na premiksi 3. Akautumia huo tangu siku ya kwanza.

Tulikaa kwenye kibaraza tukauhesabu pamoja, kiungo kimoja kimoja. Nitaweka hesabu yote hapa kwa sababu mfugaji anayechanganya mwenyewe hawezi kuikwepa. Mahindi nayachukulia kilokalori 3,300 kwa kilo na protini 8.5 kwa mia. Pumba za mahindi 2,500 na 10. Mashudu ya alizeti yenye maganda 1,800 na 26. Dagaa wasio na mchanga 2,900 na 55. Mafuta ya samaki 8,500 na protini sifuri. Ni takwimu za makadirio, kila gunia lina tabia yake, lakini zinatosha kuona njia.

Mchanganyo wa zamani, kabla ya mafuta: nguvu 2,745, protini 18.9. Mchanganyo mpya: nguvu 3,172, protini 14.25.

Alipoona 3,172 alifurahi. "Si ndiyo hiyo waliyosema?" Ndiyo hiyo. Kilo saba za mafuta peke yake zimeleta karibu kilokalori 600 katika kila kilo ya chakula. Hakuna kiungo kingine kinachoweza kufanya hivyo, kwa sababu gramu ya mafuta ina nguvu zaidi ya mara mbili ya gramu ya wanga. Ila hayana chembe ya protini, na nafasi yaliyoichukua yaliwanyang'anya dagaa na alizeti.

Sasa tazama kinachotokea kwenye kilishio. Kuku anakula, kwa sehemu kubwa, hadi nguvu anayoihitaji itimie. Kuku wa nyama wa siku hizi wamezalishwa wawe walafi na hawaipimi nguvu kwa usahihi wa mzani, hilo nalikubali, lakini mwelekeo uko pale pale: ukikoleza nguvu, anakula kidogo. Chukua kifaranga wa wiki ya tatu anayehitaji kilokalori 200 kwa siku. Kwa mchanganyo wa zamani atakula gramu 73 na ndani yake atapata protini gramu 13.8. Kwa mchanganyo mpya atatosheka na gramu 63, na humo atapata protini gramu 9. Amepoteza zaidi ya theluthi ya matofali ya kujengea nyama, na hana habari, amelala kwenye maranda ameshiba.

Zidisha gramu 73 kwa vifaranga wake kwa siku saba: viroba vitatu vya kilo 50. Zidisha gramu 63: viroba viwili na nusu na ushei. Ile akiba aliyoiona kwenye daftari ilikuwa ni hii, pamoja na midomo ya vifaranga waliokufa ambayo haikula tena. Nguvu inayobaki bila protini ya kwenda nayo haitupwi na mwili, inawekwa tumboni kama mafuta ya njano.

Ndiyo maana kwa kuku wa nyama namba ya nguvu ikisimama peke yake hainiambii kitu. Ninagawanya nguvu kwa protini. Chakula cha kuanzia kinatakiwa kiangukie karibu na 135, cha kati 150, cha kumalizia kama 160 hadi 165. Mchanganyo wake wa zamani ulitoa 145: kwa vifaranga wadogo haukuwa mzuri, lakini ulivumilika. Mpya ulitoa 223. Na hapo nimewahesabu dagaa kama wasafi. Dagaa wa kulishia mifugo mara nyingi wameanikwa chini, mchanga unakwenda nao kwenye mzani, na protini halisi inashuka mbali na hiyo 55. Nilichukua konzi ya dagaa wake nikawatia kwenye ndoo ya maji na kukoroga. Chini ya ndoo kulibaki mchanga wa kujaza kiganja.

Wiki ya kwanza

Vile vifo sita vya mwanzo sikuvidharau. Kwenye daftari alikuwa ameandika "wanabanda nyuma", yaani kinyesi kimegandia tundu la haja. Kifaranga wa siku chache hajawa na nyongo ya kutosha wala vimeng'enya vya kusaga mafuta. Uwezo huo unakua taratibu hadi kama wiki ya pili. Ukimpa asilimia saba ya mafuta siku ya kwanza, mengi yanapita yalivyoingia. Yakikutana na chokaa tumboni yanashikana nayo na kuwa aina ya sabuni ambayo kifaranga haitumii, kwa hiyo anapoteza mafuta na kalisi kwa pamoja. Kinyesi kinakuwa cha kunata, maranda yanaloa. Mafuta magumu kama ya ng'ombe kutoka machinjioni ni mabaya zaidi kwa umri huo kuliko mafuta ya maji kama ya alizeti, ambayo wadogo huyasaga afadhali.

Tulichofanya

Siku ya 23 tulianza mchanganyo mwingine. Nilitaka mama asirudi kwenye chakula kisicho na nguvu, kwa sababu hofu ya mafuta ingemtoa kwenye kosa moja na kumtia kwenye lingine. Mahindi 56, mashudu ya soya 18, dagaa 10 waliopepetwa, alizeti 7, pumba za mahindi 3, mafuta ya alizeti 3, madini na premiksi 3, na methionini (moja ya chembe zinazounda protini) kidogo ya dukani. Nguvu 3,017, protini 20.3, uwiano 149. Kuanzia siku ya 29 tukapunguza dagaa hadi 4 kwa ajili ya harufu, soya ikapanda hadi 22, mahindi 60, alizeti ikabaki 7, pumba zikatoka, mafuta yakafika 4. Hapo nguvu ni 3,080, protini 18.8, uwiano 164. Hatukuifikia 3,200 na sikuona haja. Kuifikia kwa viungo vya hapa kungetaka mafuta zaidi ya uwezo wa beleshi kuyachanganya, na protini ya bei kubwa zaidi kuyafuata.

Uchanganyaji ulichukua asubuhi nzima na ningeomba usomwe kwa utulivu. Zamani walikuwa wanamimina mafuta katikati ya lundo, kama maji kwenye zege. Yanafanya mabonge, kuku mmoja anapata bonge, mwenzake anapata vumbi. Tulichukua kilo kumi za mahindi yaliyosagwa laini, tukayatia kwenye beseni, tukanyunyiza mafuta kwa kopo lililotobolewa matundu huku mtu mwingine akisugua kwa viganja viwili, kama anayesugua unga na siagi wa maandazi. Ukikamata konzi ukiifungua inapaswa kusambaratika; ikibaki na alama za vidole, bado. Premiksi tuliichanganya upande mwingine, na unga mkavu, isikutane na mafuta mapema. Halafu vyote vikatandazwa juu ya lundo na kugeuzwa mara tano kutoka kona hadi kona. Ukivuka asilimia tano kwa mkono, chakula kinashikana kwenye vilishio, kinaota ukungu pembeni.

Tulikubaliana pia asichanganye zaidi ya kinachoisha kwa siku saba.

Jirani, ambaye kufikia hapo alikuwa anafuatilia kwa karibu, alipendekeza mashudu ya pamba badala ya soya, kwa kuwa huku ni nchi ya pamba na yanapatikana. Nilikataa kwa kuku hawa. Mbegu ya pamba ina gosipoli, sumu inayoshika madini ya chuma pamoja na laisini, chembe nyingine ya protini, na kudumaza kuku ikizidi, na kundi lililokwisha kudumaa halikuwa mahali pa kujaribia. Pumba za mpunga pia ziliulizwa. Zikiwa zimetoka mashineni siku hiyo ni nzuri, zina mafuta yake ya kutosha. Lakini mafuta hayo nayo yanachacha ndani ya wiki chache, na zile zilizorundikwa ghalani sizigusi. Ninachokipenda kuliko chupa yoyote ya mafuta ni soya nzima iliyokaangwa vizuri kisha ikasagwa. Ina karibu asilimia 18 hadi 20 ya mafuta ndani ya punje yenyewe, na inakuja na protini yake mkononi. Ikaangwe kweli, hadi iache ladha ya ubichi, la sivyo kuna kiini kinachozuia protini kusagwa.

Sitaki mtu aondoke hapa akidhani nayapiga vita mafuta. Mama alishaambiwa pia kwamba mafuta humsaidia kuku wakati wa joto, na hilo ni kweli tupu. Kusaga chakula kunazalisha joto mwilini, na mafuta yanazalisha kidogo kuliko protini au wanga. Mwezi wa kumi, banda likiwa katikati ya mawe mawili yanayotema joto hadi saa nne usiku, kuku aliyehema mdomo wazi mchana kutwa ananufaika sana na asilimia tatu ya mafuta mazuri, maana anapata nguvu yake katika tonge chache na bila kujichoma. Yanatuliza vumbi, yanafanya chakula kipite utumboni taratibu kisagwe vizuri. Lakini yaingie mwisho kwenye hesabu, baada ya protini kutimia, na kila yanapopandishwa protini na premiksi zipande nayo.

Kuhusu harufu ya samaki, yule mteja wa chipsi hakuwa anadeka. Ladha ya mafuta ya samaki inahamia kwenye mafuta ya kuku na kukaa humo. Hata yakiwa mabichi kabisa inafaa yaachwe wiki mbili au zaidi kabla ya kuchinja, na dagaa nao wapunguzwe.

Kundi lile lilifika sokoni siku ya 42 badala ya 35, likiwa na wastani wa kilo 1.7. Walibaki kuku 267. Faida haikuwepo, gharama za chakula zilirudi, nguvu zake hazikurudi, na mimi bado inaniuma kwamba aliyemwambia "ifikishe 3,200" hakumalizia sentensi.

Kundi lililofuata lilianza mwezi wa kumi na mbili. Siku kumi za kwanza hatukutia mafuta kabisa, tukaingiza asilimia moja na nusu ya alizeti hadi wiki ya tatu, kisha ile mipango miwili ya juu. Siku ya 35 wastani ulikuwa kilo 1.75. Mvua zilikuwa zimeanza na banda limepoa, kwa hiyo si haki kukipa chakula sifa yote. Vifo vilikuwa saba. Hakuna aliyetazama mbinguni.

Lile pipa lilichukuliwa na kijana anayetengeneza sabuni. Nilipopita wiki iliyopita, mahali lilipokuwa limesimama jiwe bado lilikuwa na duara jeusi la mafuta. Ndani ya stoo nilikuta viroba vinne vya dagaa vimewekwa juu ya mbao, vimeshonwa, na ukutani ameandika kwa chaki tarehe ya mwezi mpevu unaofuata.

"Nimenunua gizani mwanangu," aliniambia. "Mbalamwezi ikija, mimi nimekaa."